Kabla ya kuuza sarafu ya babu, tazama mistari yake

Goma. Kwenye simu za watu wengi wa mji, kati ya habari za vita na bei ya unga, hupita pia video fupi zinazosema kwamba sarafu fulani ndogo ya Marekani inauzwa maelfu ya dola. Anayesema huionyesha karibu na kamera, hutaja mwaka wake, kisha huuliza: je, wewe hunayo nyumbani? Kwa mtu aliyeacha shamba na ng'ombe nyuma yake, swali hilo si mchezo. Usiku huohuo anafungua fuko alilokimbia nalo na kuanza kutafuta.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee mmoja aliyehama upande wa Rutshuru na ambaye sasa anakaa kwa jamaa zake katika kartie moja ya Goma. Ndani ya kopo la maziwa ya unga, alilolibeba pamoja na karatasi za shamba, alikuwa na falanga za chuma tano. Tatu ni za wakati wa Mobutu: sengi 10 yenye chui, likuta moja, na makuta 5 yenye sura ya Mobutu, zote za mwaka 1967. Ya nne ni ya shaba ya njano, ina pembe sita na tembo anayetembea, nayo ni ya franka 2 ya Kongo ya Mbeleji, mwaka 1943. Ya tano ni ndogo kuliko zote na si ya Kongo. Ni ya feza, ya senti 10 za Marekani, mwaka 1945. Baba yake alipewa na mzungu mmoja wa misioni aliyemfanyia kazi ya bustani.

Mjukuu wake, kijana wa shule ya sekondari aliyefukuzwa darasani siku chache kabla kwa sababu ya minervali, aliitazama ile ndogo, akatazama video kwenye simu, akapiga kelele. Ilikuwa sarafu ileile na mwaka uleule. Mama wa nyumba akaacha sufuria motoni, watoto wakakusanyika. Kwa muda wa jioni moja, ile nyumba yenye watu kumi na mmoja ilikuwa na maelfu ya dola.

Video haikuwa imedanganya. Ila ilikuwa imesema nusu ya maneno.

Sarafu ile ilichorwa na Adolph Weinman, na Marekani iliitoa kuanzia 1916 hadi 1945. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia yenye mabawa. Huyo ni mfano wa Uhuru, lakini watu walimdhania kuwa Mercury, mungu wa kale wa Warumi, na jina hilo likabaki. Upande wa pili kuna fungu la fimbo lililofungwa pamoja na shoka, na fungu hilo limekazwa kwa mikanda. Katikati ya fungu mikanda ni miwili, imelala sambamba, na kati yake kuna mfereji mwembamba kama unywele.

Mambo yote ya bei yako katika mfereji ule. Ukionekana wazi kutoka mwanzo hadi mwisho, bila pahali ambapo mkanda mmoja umeungana na mwingine, wapimaji wa sarafu huandika herufi mbili, FB, kwa maana kwamba mikanda ni kamili. Kwa sarafu ya 1945 iliyotengenezwa Philadelphia, herufi hizo ni adimu sana. Sarafu ya mwaka ule isiyotumika kabisa, lakini mikanda yake imeungana, huuzwa kwa makumi ya dola tu. Ikiwa na mikanda kamili, bei inaruka hadi maelfu. Macho ya kawaida hayaoni tofauti kati ya hizo mbili.

Ili kuelewa kwa nini mambo yako hivyo, inafaa kujua namna sarafu inavyozaliwa. Kipande cha madini kilicho kitupu huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, na mashine huibana kwa nguvu kubwa. Madini hayayeyuki, ila kwa nguvu ile hukimbia kama udongo wa mfinyanzi na kuingia katika mashimo yaliyochongwa ndani ya mhuri. Shimo lenye kina zaidi hujaa mwisho, na ndilo linalozaa sehemu ya sarafu iliyoinuka zaidi. Kama nguvu haikutosha, au mihuri iliachana kidogo, au mhuri umezeeka kwa kupiga sarafu nyingi mno, lile shimo halijai. Sarafu inatoka mpya, inang'aa, lakini pahali pa juu kabisa ni bapa.

Kwa hiyo mpimaji haanzi na sura nzuri wala mwaka. Anakwenda moja kwa moja pahali ambapo pigo hushindwa kwanza, na kila aina ya sarafu ina pahali pake. Kwenye senti 5 yenye kichwa cha Jefferson, iliyochorwa na Felix Schlag na kuanza kutolewa 1938, watu huhesabu ngazi za nyumba ya Monticello. Ngazi ni sita, na tano zikionekana bila kukatika, sarafu hupata sifa ya ngazi kamili. Kwenye robo dola ya 1916 hadi 1930, ya Hermon MacNeil, hutazamwa kichwa cha yule mwanamke aliyesimama. Kwenye nusu dola ya Franklin, ya 1948 hadi 1963, hutazamwa mistari inayozunguka sehemu ya chini ya kengele.

Hata wapimaji wenyewe hawakubaliani katika kila jambo. Kampuni mbili kubwa za kazi hii ziko Marekani, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987. Kwa ile kengele ya Franklin, ya kwanza hutaka mistari ya fungu la chini iwe kamili, ya pili hutaka mafungu yote mawili. Sarafu moja inaweza basi kupata sifa kwenye meza moja na kuikosa kwenye nyingine, na hakuna aliyeibiwa.

Kijana alikaa siku tatu na mambo hayo. Alitumia inite za mama yake mdogo kusoma kwenye simu, na mwalimu mmoja wa biolojia, jirani yao, akamwazima kioo cha kukuza. Alipokiweka juu ya ile sarafu ya feza, aliona mikanda miwili ya katikati kwa upande wa kushoto. Upande wa kulia aliona kitu kimoja kilichonenepa. Mfereji ulikuwa unaingia, unafika nusu ya njia, kisha unapotea.

Akamwambia babu yake: "Babu, imezaliwa hivi. Si wewe uliyeiharibu."

Mzee aliuliza anajuaje. Jibu la kijana lilikuwa sahihi, na lina faida kwa kila mtu mwenye sarafu ya zamani nyumbani. Kuna ubapa wa kuzaliwa na kuna ubapa wa kutumika. Sarafu iliyopita mikononi na mifukoni huisha juu kwanza, na pale ilipoisha rangi hufifia na kuwa laini kama jiwe la mtoni. Sarafu iliyopigwa kwa pigo dhaifu, pale palipo bapa bado kuna mng'ao wake wa kwanza, na mara nyingi huonekana mikwaruzo midogo ya kipande kitupu ambayo pigo halikuifuta. Ile ya mzee ilikuwa na yote mawili. Shavu la mwanamke na ncha ya bawa vilikuwa vimeisha kwa kutumika, lakini mikanda iliungana tangu siku ya kwanza.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu mnunuzi huitumia. Mtu mmoja anayenunua vitu vya zamani upande wa Birere alipoonyeshwa zile sarafu, aliichukua ya tembo, akaigeuza mara moja, akasema: "Papa, hii imeisha. Ata kichwa ya tembo haionekane muzuri." Akataka kutoa dola moja kwa sarafu zote tano. Inawezekana alisema kweli juu ya tembo. Lakini asiyejua kutofautisha pigo na kutumika hana neno la kujibu, na asiye na neno la kujibu hupokea kile anachopewa.

Watu wa Goma wanaijua kazi hii kuliko wanavyofikiri. Kambisti anayekaa kwenye kiti chake kando ya barabara hupokea noti ya dola 100, huinyoosha, huiinua kwenye jua, hupitisha kidole kwenye pembe zake. Mpasuko wa ukubwa wa punje ya mtama unatosha kuirudisha, au kuikata bei. Mama aliyesafiri siku mbili akiwa ameficha noti kwenye kitenge anaambiwa kwamba ina doa. Noti ni ileile, namba ni ileile, nchi iliyoitoa ni ileile, lakini doa ndilo linaloamua kama watoto watakula. Mpimaji wa sarafu hufanya jambo linalofanana na hilo. Ila yeye huandika sababu yake kwenye lebo, na kila mtu anaweza kuisoma.

Siku ya nne kijana alifanya jambo ambalo wengi hulifanya kwa nia njema. Alichukua majivu na ndimu akaisugua sarafu ya feza mpaka ikang'aa kama kioo. Alikuwa amesoma juu ya sarafu za prufu, zile zenye uso wa kioo, na aliposhika ile iliyosuguliwa alidhani labda anayo mojawapo.

Prufu si daraja la uzuri, ni namna ya kutengeneza. Kwa sarafu hizo mihuri husuguliwa kwanza, vipande vitupu pia huandaliwa kwa uangalifu, na kila kimoja hupigwa zaidi ya mara moja, polepole, ili madini yajaze kila shimo. Hazikutengenezwa kwa soko la ndizi na chumvi. Hutengenezwa kwa watu wanaokusanya sarafu, na huuzwa kwao kwa bei inayopita thamani iliyoandikwa juu yake. Hata ikitokea mtu mmoja akainunulia mkate, ikazunguka na kuchakaa, itabaki kuwa prufu, prufu iliyochakaa.

Kwa kuwa prufu hupigwa zaidi ya mara moja, mistari na ngazi kwa kawaida hutarajiwa kuwa kamili, na hapo macho ya mpimaji huhamia kwenye jambo lingine. Anatazama tofauti kati ya uwanja na sura. Uwanja, yaani pahali palipo bapa kuzunguka picha, unatakiwa uwe kama kioo. Sura yenyewe inatakiwa iwe nyeupe kama umande uliogandamana. Anapoigeuza chini ya taa, kioo kinakuwa cheusi na sura inabaki nyeupe, kana kwamba imewekwa juu ya maji ya ziwa usiku. Tofauti ikionekana wazi pande zote mbili, sarafu huitwa kameo. Ikiwa kali zaidi, PCGS huiita kameo ya kina, na NGC huiita kwa jina lake lingine. Ikiwa kali upande mmoja na hafifu upande wa pili, haipati jina hilo.

Kwa sarafu za Marekani za 1950 hadi 1970, kameo ni adimu, na sababu yake ni rahisi. Mhuri mpya huwa na ukwaruzo mdogo ndani ya mashimo yake, na ukwaruzo huo ndio unaoipa sura ule weupe. Kila pigo huufuta kidogo. Sarafu za kwanza kutoka kwenye mhuri hutoka na umande wote, zinazofuata hutoka na umande kidogo, na zile za mwisho hazina kitu, zinang'aa kila pahali sawasawa. Ni mhuri mmoja, siku moja, mashine moja, lakini aliyetangulia amechukua umande wote. Kuanzia miaka ya 1970 mihuri ilianza kupakwa kromi, ukwaruzo ukadumu, na kameo zikawa nyingi. Ndiyo maana prufu ya leo yenye sifa zote inaweza kuwa ya bei ndogo, na ya 1952 yenye umande hafifu ikawa ya bei kubwa.

Sasa, sarafu ya mzee ingeweza kuwa prufu? Mwaka wake peke yake ulitosha kujibu. Prufu za senti 10 za Mercury zilitengenezwa kuanzia 1936 hadi 1942. Vita vya dunia vilipochukua nguvu na madini, kazi hiyo ilisimama, na ilianza tena 1950. Prufu ya 1945 haipo. Kile kioo alichokiona kijana kilikuwa cha majivu na ndimu.

Kusugua kuliondoa kitu kisichorudi. Sarafu mpya ina ngozi nyembamba ya mistari midogo iliyoachwa na madini yalipokuwa yakikimbia, na mwanga huzunguka juu yake kama upepo juu ya majani. Msuguo huivunja ngozi hiyo na kuacha mikwaruzo mingi ya nywele inayoonekana mara moja chini ya taa. Wapimaji wakiiona, hukataa kuipa sarafu namba kwenye kipimo cha 1 hadi 70, kile kilichotokana na kazi ya Dk. William Sheldon mwaka 1949. Huandika tu kwamba ni halisi na kwamba imesafishwa. Mnunuzi yeyote mwenye ujuzi akisoma neno hilo hupunguza bei. Kwa prufu ni vibaya zaidi, maana hata kidole kikigusa kioo chake huacha alama ya jasho inayokula madini polepole. Sarafu ya namna hiyo hushikwa kwa ukingo wake tu.

Halafu akaja mtu wa tatu, fundi wa saa, rafiki wa familia. Alisikiliza habari yote ya mfereji uliopotea nusu ya njia, akasema jambo hilo ni dogo kwake. Ana sindano ya chuma, ana kioo cha jichoni. Angeumalizia mfereji kwa mkono, na mnunuzi wa ng'ambo, akiona picha tu, asingejua.

Nyumbani hapakuwa na unga siku ile. Mjukuu alikuwa bado hajarudi shule. Mzee aliishika sarafu kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba baba yake alimpa falanga, hakumpa uongo. Akaifunga tena kwenye kopo.

Kazi ya namna ile inajulikana. Kwa kuwa herufi mbili huzaa maelfu ya dola, kuna watu wamejaribu kuchonga mikanda na ngazi kwa mkono. Mfereji uliozaliwa na pigo una kingo za mviringo na mng'ao unaofanana na wa pande zake. Uliochongwa una kingo kali na madini yaliyosukumwa pembeni, kama udongo kando ya jembe. Wapimaji hutazama zaidi ya mmoja kwa kila sarafu kabla ya kuifunga ndani ya kasha la plastiki, na jambo hilo ni kati ya yale wanayoyatafuta.

Kongo pia imo katika habari za prufu, ingawa raia wachache wa Kivu wamewahi kuziona. Mwaka 1965 zilitengenezwa sarafu za dhahabu zenye sura ya Rais Kasavubu. Mwaka 1975 Zaïre ilitoa sarafu za kuhimiza ulinzi wa wanyama, na juu yake kulikuwa na sokwe wa milimani na okapi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zimetoka sarafu nyingi zenye jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyingine zina picha za rangi, ambazo hazikupitia kamwe soko la Virunga wala la Kadutu. Zilikwenda moja kwa moja kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Wanyama wa misitu ya mashariki ya Kongo wamelala leo ndani ya makasha ya plastiki Ulaya na Marekani.

Ile ya tembo nayo ina safari yake. Mwaka 1943 Mbeleji ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani, haikuweza kuitengenezea Kongo falanga. Zile franka 2 za pembe sita zilipigwa Philadelphia, pahali palepale ilipozaliwa, miaka miwili baadaye, ile sarafu ndogo ya feza. Zilitengenezwa kwa mikono ya watu na soko, kwa hiyo nyingi zimechakaa, na iliyochakaa huuzwa dola chache tu. Mzee aliposikia kwamba hizo mbili zilitoka mji mmoja, zikavuka bahari kwa njia tofauti na kukutana ndani ya kopo lake, alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mwishoni kijana alifanya hesabu kwenye daftari. Kupeleka sarafu moja kwa wapimaji Marekani, pamoja na posta na ada, ni makumi ya dola. Sarafu ya senti 10 iliyotumika, iliyosuguliwa, yenye mikanda iliyoungana, ina thamani ya feza yake: ni gramu 2,5, na sehemu 90 kwa 100 ni feza safi. Haikustahili safari hiyo. Waliuliza bei kwa watu wawili wanaonunua feza kwa uzito, wakauza kwa yule aliyetoa zaidi, dola chache. Zililipa daftari, kalamu na sehemu ndogo ya minervali, na mkuu wa shule akakubali kijana arudi wakati deni likiendelea.

Familia zenye kopo kama lile ni nyingi, na mambo ya kuangalia si mengi. Sarafu isisuguliwe, hata kama ni nyeusi. Ishikwe kwa ukingo, ifungwe kwenye karatasi kavu. Mwaka na pahali ilipotengenezwa vitazamwe kabla ya kutazama video. Pahali palipoinuka zaidi patazamwe kwa kioo cha kukuza, na ijulikane kama pameisha kwa kutumika au palizaliwa hivyo. Bei iulizwe kwa watu wawili au zaidi. Na anayeahidi maelfu ya dola huku akiomba kwanza atumiwe ada kwa simu, huyo hanunui sarafu. Anauza tumaini, na mlipaji ni yule mwenye njaa.

Sarafu ya tembo haikuuzwa. Kijana aliomba ibaki.